Nimepandisha mashine Windows 11 na sasa imekuwa nzito: niirudishe nyuma ao niiformate?

"Jambo papa fundi. Niko na sekretariati ndogo hapa Kadutu, naandikia watu barua, napiga TFC za wanafunzi (kazi za kumaliza masomo ya chuo), nafanya fotokopi na kuimprime. Mashine ni laptop ya okazioni, Core i5 ya kizazi cha 8, RAM 4, disiki 500 ile ya kawaida. Windows 10 ilikuwa kila asubuhi inaniambia msaada wake umekwisha, basi nikakubali ipande Windows 11. Leo ni siku ya tano. Imekuwa nzito mpaka wateja wanaondoka, taa ya disiki haizimi, mega za intaneti za siku nzima zinaisha saa nne asubuhi, imprimanti haionekani tena, na fishie zangu za kwa Bureau zimehamia OneDrive, zingine ziko na alama ya wingu na zinakataa kufunguka nikiwa sina intaneti. Kijana wa jirani anasema Windows 11 ni kama virusi kwa mashine ndogo, nimpe dola 15 aformate aweke Windows 7 ambayo ni nyepesi. Mwingine anasema mashine imekufa, ninunue mpya. Kazi za wanafunzi zote ziko ndani na defansi zao mbele ya walimu zimekaribia. Nifanye nini?"

Mama, pole sana kwa hii wiki. Ndani ya swali lako kuko mambo manne yaliyochanganyika na wanaokushauri wanayashika yote kama jambo moja. Kuko uzito, kuko mega, kuko imprimanti, kuko fishie za wingu. Kila moja iko na sababu yake na dawa yake, na hakuna hata moja inayodai mashine iformatiwe leo. Yule kijana mwambie asubiri. Kuformate inafuta disiki, na kwa jinsi ulivyoeleza, sehemu ya kazi za watu iko kwa disiki, sehemu iko mtandaoni, na wewe mwenyewe haujajua ipi iko wapi. Mtu akifuta sasa hivi utakuja kujua jibu mwanafunzi akiwa amesimama mbele yako.

Njo maana tunaanza na fishie, uzito utangoja kidogo.

Windows 11 ikimaliza kupanda, kuko ukurasa mmoja unaouliza kama unataka dosie zako zilindwe na OneDrive, na wengi tunabonyeza tu Suivant, Suivant ili tufike kazini. Ukikubali pale, dosie za Bureau, Documents na Images zinahamishwa kuingia ndani ya dosie ya OneDrive, palepale kwa disiki yako, halafu mashine inaanza kupandisha kopi kwenye intaneti. Fishie haijapotea, anwani yake tu njo imebadilika, ndiyo sababu programu zingine zinasema hazioni kitu ambacho jana kilikuwa pale. Sasa tazama alama pembeni ya kila fishie. Duara la kijani lenye alama ya vema maana yake iko ndani ya mashine. Wingu la bluu maana yake kwa mashine kumebaki jina tu, mwili wa fishie uko mtandaoni, na bila mega haifunguki. Zile za wingu mara nyingi ni zile zilizopandishwa zamani kutoka simu ao mashine ingine yenye akaunti ileile, ao zile mfumo uliziondoa kwa disiki ili upate nafasi.

Fanya hivi, na ufanye ukiwa fasi yenye wifi ya kweli, kwa rafiki ao ofisini kwa mtu, usitumie mega za simu. Fungua dosie ya OneDrive, bofya kulia juu ya Bureau, chagua "Toujours conserver sur cet appareil", ufanye vilevile kwa Documents, halafu ngoja mpaka mawingu yote yageuke kijani. Usiende haraka hapa. Yakishageuka, chomeka disiki ya nje ao flash yenye nafasi ya kutosha na ukopi, nimesema ukopi, usikate. Fungua fishie tatu nne ukiwa umezitoa kwenye hiyo flash, uone kama zinafunguka kweli, kurasa zote ziko. Hapo njo utakuwa na usalama, na kutoka hapo mtu yeyote akiharibu mashine atakuharibia muda lakini kazi za watu ziko salama.

Onyo moja nalisema kwa nguvu juu limeliza watu wengi: usifute fishie kwa OneDrive ya mtandaoni ukidhani unapunguza tu kopi. Ukifuta kule inafutika na huku, ni kitu kimoja kinachoonekana fasi mbili. Kuko kapu la OneDrive mtandaoni linaloweka vilivyofutwa kwa muda, basi kama ulishafuta, kimbia ukatazame mule kwanza. Na nafasi ya bure ni GB 5 tu, ikijaa OneDrive inaanza kulalamika kila dakika. Kwa mtu mwenye sekretariati mimi nashauri uzime ule ulinzi wa dosie kabisa: bofya kawingu ka OneDrive chini kulia karibu na saa, ingia kwenye paramètres zake, fasi ya sauvegarde, usimamishe dosie moja moja. Ukishazima, chungulia kama fishie zimerudi kwa Bureau, kama hazijarudi ziko bado ndani ya dosie ya OneDrive, zivute tu kwa mkono. Tena hizi ni barua na kazi za wateja, watu walikuachia siri zao, si vizuri zipande kwa intaneti bila wewe kuamua.

Sasa uzito.

Kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba mashine haijamaliza kupanda siku ile inakuonyesha ekrani mpya. Nyuma ya ile ekrani kuko kazi mingi bado: inajenga upya orodha ya fishie zote ili ukitafuta jina ilipate haraka, antivirusi ya ndani ya Windows inapitia fishie moja moja, programu za Store zinajiapdeti, draiva zinatafutwa, apdeti ya mwezi inashuka, OneDrive inapandisha picha za harusi ya mwaka juzi. Kwa mashine yenye SSD, disiki isiyo na kitu kinachozunguka, hii yote inapita na mwenyewe hajui hata kama ilifanyika. Kwa disiki ya kuzunguka, kama yako, inakuwa mateso, na sababu yake ni ya chuma kabisa. Ndani ya ile disiki kuko sahani inayozunguka, kwa laptop mara nyingi ni mizunguko 5400 kwa dakika, na kuko mkono wenye kichwa cha kusoma ambao lazima uhame kila mara mtu anapoomba kitu kilicho fasi ingine. Ikiombwa vipande vidogo vilivyotawanyika inajibu maombi kama mia moja hivi kwa sekunde, wakati SSD haina mkono wa kuhamisha na inajibu makumi ya maelfu. Fikiria sekretariati yako usiku wa kuamkia defansi, fotokopi moja na wanafunzi arobaini kila mmoja na ukurasa wake: fotokopi haijaharibika, lakini mtu akitazama foleni atasema imekufa.

Halafu kuko RAM 4, yaani GB 4 za kumbukumbu ambayo mashine inafanyia kazi. Hiyo njo kiwango cha chini kabisa Microsoft inachokubali kwa Windows 11, na kiwango cha chini maana yake itawaka, haimaanishi utafanya kazi vizuri. Mfumo wenyewe na vidude vyake unakula zaidi ya nusu kabla haujafungua Word. Ukifungua Word, Chrome yenye tabu sita na WhatsApp ya kwa mashine, RAM inajaa, na Windows inaanza kumwaga sehemu ya vitu vya RAM kwenye disiki ili ipate pumzi. Disiki gani? Ileile yenye foleni. Njo maana taa haizimi, disiki inafanya kazi yake na inafanya tena kazi ya RAM.

Na kuko jambo la kwetu hapa Bukavu ambalo fundi wa kwenye video ya YouTube hawezi kukwambia. Hizi kazi za nyuma ya ekrani zimepangwa zifanyike mashine ikiwa imechomekwa kwa umeme na hakuna mtu anayeigusa. Ikiwa kwa batri, mingi zinajizuia ili zisiimalize. Sasa wewe umeme ukija unakimbilia kazi za wateja, ukikatika unaenda kwa batri, batri ikishuka unazima, jioni unafunga laptop na kuiweka mfukoni unaenda nyumbani. Mashine haijapata hata saa mbili za utulivu tangu ipande! Siku tano zako ni kama haijamaliza hata usiku mmoja wa mtu wa fasi yenye umeme wa kudumu. Watu wanahukumu Windows 11 katikati ya hali hii, halafu wanaformate, halafu ile mpya nayo inaanza kazi zilezile kutoka sifuri.

Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote ipe nafasi imalize. Tafuta usiku ambao umeme uko imara, ao kwa mtu mwenye onduleri ao solar nzuri, ichomeke, iwashe, usifungue programu hata moja, na kule Paramètres, Système, fasi ya Alimentation, uizuie isilale ikiwa kwa umeme. Iache mpaka asubuhi. Kama umeme ulikatika usiku, rudia siku ingine.

Kisha pima, usikisie. Iwashe, ngoja dakika kumi bila kuigusa, halafu bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja, inafunguka Gestionnaire des tâches. Kwenye orodha ya Processus utaona juu nguzo za Processeur, Mémoire, Disque, kila moja na asilimia yake. Bofya juu ya neno Disque, wale wanaokula disiki wanapanda juu ya orodha na unasoma majina yao. Andika ile asilimia ya Disque na ya Mémoire kwa karatasi. Halafu fungua Word na TFC moja yenye picha, kama unavyofanya kila siku, ngoja ikae vizuri, uandike tena. Ikiwa Disque imeshuka na inacheza chini kule, inaruka tu ukifungua kitu na kurudi, basi uzito wako ulikuwa wa kupita na umekwisha. Ikiwa Disque inarudi 100% kila ukigusa kitu na Mémoire inakaa juu ya 85, basi huo ni uzito wa kudumu, chuma njo kinaomba msaada, na hata urudi Windows 10 utapata nafuu ndogo tu, kwani mashine yenye RAM 4 na disiki ya kuzunguka ilikuwa nzito hata kule, ulikuwa tu umeizoea.

Palepale kwenye Gestionnaire des tâches kuko ukurasa wa programu zinazowaka pamoja na mashine. Zima zote ambazo hauzihitaji asubuhi: Teams, Spotify, Skype ya zamani, vile vidude vya kampuni iliyotengeneza laptop, Edge kama hauitumii. Antivirusi ya pili kama uliiweka, ile ya bure inayokukumbusha kila saa ununue, iondoe kabisa, Windows iko na yake ambayo kwa kawaida inajizima ukiweka ya pili, na ile ya pili inakula RAM yako 4 bure. Hii peke yake inabadilisha asubuhi ya mashine ndogo.

Sasa maneno ya yule kijana, nayajibu bila kumdharau juu wengi wanafikiri kama yeye. Windows 11 haiko virusi, na kwa ndani haijaachana mbali na 10 kama ekrani inavyokuonyesha. Andika cmd kwenye kutafuta, uifungue, uandike ver: hata leo namba ya ndani ya mfumo inaanza na 10.0. Mashine yako nayo haijakufa. Intel ilitoa kizazi cha 8 mwaka 2017, na hicho njo kizazi ambacho Microsoft inaanza nacho kwa orodha ya prosesa za Intel zinazokubalika kwa Windows 11, isipokuwa chache sana za kabla yake. Kama ilipanda yenyewe kupitia Windows Update, bila mtu kuweka ujanja, ni alama kwamba ukaguzi ulipita, ikiwemo ile chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mtu akikwambia utupe laptop ya i5 kizazi cha 8 anakupotezea feza.

Windows 7 hapana, mama. Hapo sitakupa uzuri na ubaya, nakwambia hapana. Apdeti za usalama zake zilikoma tarehe 14 Januari 2020, Chrome yenyewe iliacha kuisaidia mwaka 2023, na wewe kazi yako ni kupokea flash za watu kutoka asubuhi mpaka jioni, flash ambazo zimepita kwa cyber zote za mji. Mashine yako njo mlango wa virusi wa mtaa mzima, utauacha wazi kweli? Tena ile Windows 7 ya dola 15 mara nyingi inakuja na kiprogramu cha kuiamsha bila leseni, ambacho kinaanza kwa kukuomba uzime antivirusi. Chenyewe njo mara nyingi virusi. Leseni yako ya Windows 10 na 11 imeandikwa kwa jina la mashine, imefungwa na kadi mama yake, ukirudisha mfumo uleule inajiamsha yenyewe ukipata intaneti, hauhitaji kulipa mtu kwa hilo.

Kurudi Windows 10 ni jambo lingine, hilo linajadilika. Iko njia ya rasmi na uko bado ndani ya muda. Windows ya zamani imewekwa kwa dosie inaitwa Windows.old kwa siku 10 tangu kupanda, baada ya hapo inafutwa. Uko siku ya tano, kwa hiyo usiruhusu mtu "asafishe" disiki yako wiki hii, kwa sababu kitu cha kwanza watu wanachofuta wakiona nafasi imepungua ni hicho. Ukitaka muda zaidi wa kufikiri, fungua Terminal kama administrateur uandike: DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30 na utakuwa na siku 30 badala ya 10, mwisho wa kuongeza ni 60. Ila ujue ile dosie inakula nafasi kubwa ya disiki wakati wote huo. Kurudi kwenyewe kuko kwenye Paramètres, Système, Récupération. Fishie zako zinabaki, programu ulizoweka baada ya kupanda zinaondoka, na lazima laptop iwe imechomekwa kwa umeme wa uhakika maana ikizimika katikati ndipo unaanza matatizo ya kweli.

Unapata nini ukirudi? Unapata ekrani uliyoizoea, imprimanti pengine inarudi palepale, na wepesi kidogo. Unapoteza nini? Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Haimaanishi mashine itazimika, itaendelea kuwaka miaka, ila tundu likigunduliwa halizibwi. Kuko mpango wa apdeti za nyongeza kwa watu binafsi unaofika 13 Oktoba 2026, unajiandikisha kule kwenye Windows Update ukiwa na akaunti ya Microsoft, kwa dola 30 ao bila kulipa ukikubali kusinkronize paramètres zako. Basi kurudi ni kununua muda tu. Kama defansi ni wiki ijayo na wateja wanakimbia, rudi kwa roho safi, maliza msimu, kisha utengeneze mashine kwa utulivu. Kama unaweza kuvumilia hizi siku na ule usiku mmoja wa umeme, baki.

Na kama vipimo vyako vinaonyesha uzito wa kudumu, feza zako uzipeleke kwa SSD kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya RAM, kabla ya mashine mpya. Ile ya inchi 2.5 inaingia palepale disiki ya zamani ilipokaa, GB 240 ao 256 inakutosha kwa kazi za kuandika. Fundi anaweza kuhamisha kila kitu kama kilivyo, Windows, programu na fishie, bila kuanza upya. Disiki ya zamani kama bado ni nzima inawekwa kwa kaboksi ka USB inakuwa hifadhi yako. RAM ifuate ukipata, ifike 8, lakini usinunue kipande sokoni kabla laptop haijafunguliwa kuona kama iko aina ya DDR4 na kama nafasi ya pili iko, zingine RAM imechomelewa kwa kadi na haiongezeki. Na SSD ya ukubwa wa ajabu kwa bei ya chini sana usiiguse, hizo kuandikwa kwa nje na kilicho ndani haviko sawa.

Watu wengine watakwambia uweke Linux Mint, mfumo mwingine wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Mimi naipenda na kwa mashine ya mtoto wa shule ao ya kutazama intaneti ni nyepesi kweli, haidai leseni. Lakini kwa sekretariati ya TFC siwezi kukudanganya: wanafunzi wanaleta fishie za Word zenye orodha ya yaliyomo, namba za kurasa za kirumi mwanzoni, majedwali, na LibreOffice, programu inayoshika nafasi ya Word kule, inazifungua ila mipangilio inaweza kuhama mstari huku, ukurasa kule, na mwalimu hatasikiliza maelezo. Isiwe kwa mashine yako ya kazi.

Mega ni rahisi. Kwa kila wifi unayotumia kutoka simu, ingia Paramètres, Réseau et Internet, bofya jina la ule mtandao, uwashe "Connexion limitée". Windows itaacha kushusha apdeti nyingi peke yake na OneDrive itajizuia. Tazama pia kwenye Windows Update, options avancées, "Optimisation de la distribution", uizime isije ikawa inagawia mashine zingine apdeti. Halafu mara moja moja, si chini ya mara moja kwa mwezi, peleka mashine fasi yenye wifi nzuri uishushie apdeti kwa hiari yako, juu ukizizuia milele tumerudi kwa Windows 7 kwa mlango wa nyuma.

Imprimanti: iondoe kwenye orodha ya Imprimantes et scanners, chomoa kebo, zima mashine na uiwashe, halafu uweke draiva kutoka sayiti ya kampuni iliyoitengeneza. Kama hakuna ya Windows 11 chukua ya Windows 10 ya 64 bits, kwa kawaida inakubali. Palepale zima ile fasi inayoiruhusu Windows kuchagua yenyewe imprimanti ya kawaida, maana inabadilisha bila kukuuliza na utakuwa unatuma kurasa kwa imprimanti ya PDF ukingoja karatasi.

Mengine ni mazoea. Kitufe cha Démarrer kimekaa katikati, unakirudisha kushoto kwenye Personnalisation, Barre des tâches. Ukibofya kulia na hauoni chaguo lako la zamani, bonyeza "Afficher d'autres options". Klavye ikianza kuandika Q pahali pa A, ni lugha imegeuka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na barre ya nafasi.

Kuko hali ambazo hazingoji jibu la kuandika, lazima mtu aishike mashine kwa mkono. Ukisikia disiki inagonga, tak tak tak yenye mpangilio, izime hapohapo, usijaribu hata kukopi, kila dakika inayozunguka inaharibu zaidi. Ukiweka CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya disiki, na ikakuonyesha njano ao nyekundu badala ya bluu, disiki iko njiani kufa na uzito wote ule pengine ulitoka pale, Windows 11 inasingiziwa tu. Ekrani ya kosa inayojirudia, batri iliyovimba mpaka klavye inainuka, laptop inayozimika kwa joto, hizo pia. Na mashine ikiwaka ikakudai kle ya BitLocker (ule ufunguo wa tarakimu 48 wa disiki iliyofungwa kwa siri), usikubali mtu akwambie dawa ni kuformate: ingia na simu kwenye akaunti yako ya Microsoft, mara nyingi ile kle imehifadhiwa pale. Afadhali utazame leo kwenye Confidentialité et sécurité kama "Chiffrement de l'appareil" imewaka, na ikiwa imewaka uandike hizo namba kwa daftari kabla fundi hajagusa BIOS (programu ya chini inayowasha mashine) ao hajatoa disiki.

Ukienda kwa fundi, neno lako la kwanza liwe hili: "Kopi ya fishie ifanyike mbele yangu kabla haujaanza." Akikubali bila kununa, kaa. Mwonyeshe ile karatasi yako ya asilimia, mwambie tarehe mashine ilipopanda, mwambie unataka SSD na kuhamisha, hautaki kuformate, na muulize Windows atakayokuachia imeamshwa na leseni ya mashine ao na kiprogramu. Akikwambia uiache mpaka keshokutwa na hataki kusema atafanya nini ndani, beba mashine yako uende kwa mwingine.